UZI: Mwekezaji wa nje husafisha kinachouzika. Tuangalie migodi ya shaba na dhahabu kwa hesabu

#1 Tanuru_na_Tope

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mkataba mkubwa wa madini ukitangazwa tunagawanyika pande zilezile mbili. Wapo wanaosema mtaji wa nje unakuja na mitambo safi, na wapo wanaosema hao wamekimbia sheria kali za kwao ili waje kumwaga uchafu kwetu. Napendekeza tuache kubishana kwa jumla jumla, tutazame sehemu moja ambako yote mawili yametokea chini ya mmiliki mmoja: Chambishi, kwenye ukanda wa shaba (Copperbelt) wa Zambia.

CNMC, kundi la kampuni za serikali ya China, lina tanuru la kuyeyushia shaba pale, lililoanza kazi 2009. Ni tanuru la kisasa la aina ya Isasmelt, lenye mtambo wa kukamata gesi ya salfa na kuigeuza kuwa asidi sulfuriki. Kundi hilohilo lina kampuni tanzu nyingine hapohapo Chambishi, Sino-Metals Leach, inayotoa shaba kwa kuiloweka kwenye asidi. Tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa lake la topesumu ulibomoka. Kiasi kilichotajwa awali kilikuwa lita milioni 50 za taka zenye asidi, na baadaye wataalamu wengine wakadai kilichotoka ni kikubwa mno kuliko hicho. Taka zikashuka kijito cha Mwambashi hadi mto Kafue. Samaki wakafa, jiji la Kitwe likakatiwa maji, ndege za jeshi la anga zikatumwa kumwaga chokaa mtoni.

Mmiliki yuleyule, wilaya ileile, sheria zilezile. Moshi ulidhibitiwa, tope likaachiwa.

Hesabu inaeleza sababu. Makinikia ya shaba, yaani unga wa madini uliotenganishwa na mwamba, yana salfa karibu asilimia 30. Tani moja ya salfa, ukiikamata yote, inakupa tani 3 na kidogo za asidi. Kwa hiyo kila tani ya makinikia inayoingia tanuruni inaweza kutoa takriban tani 0.9 za asidi, na hiyo asidi ina mnunuzi anayeisubiri: viwanda vya kuloweka shaba vya Zambia na Katanga, kusini mwa Kongo. Kukamata moshi ni biashara.

Sasa njoo kwenye tope. Chukua mwamba wenye shaba asilimia 2, mtambo unaookoa asilimia 90 ya hiyo shaba. Kupata tani moja ya shaba unasaga kama tani 56 za mwamba. Makinikia, yakiwa na shaba asilimia 30, yatakuwa kama tani 3.3. Zaidi ya tani 52 zinabaki kuwa tope, na hapo hatujahesabu mawe yaliyoondolewa juu kufikia mwamba wenyewe. Tope hilo halina mnunuzi. Kila shilingi inayowekwa kwenye ukuta wa bwawa, plastiki ya chini na pampu za kurudisha maji ni gharama tupu kwa mwekezaji. Atailipa pale tu ambapo kutoilipa kunamgharimu zaidi.

#2 Mchumi_wa_Kigamboni

Mkuu umeanzia pazuri. Niongeze upande wa takwimu, maana watu wanapenda kutupiana tafiti humu.

Mwaka 1991 wachumi Grossman na Krueger, wakichambua mkataba wa biashara huria wa Amerika Kaskazini, walitenganisha njia tatu ambazo biashara hugusa mazingira: ukubwa wa uzalishaji, aina ya shughuli zinazokua, na mbinu za kuzalisha. Mtaji wa nje unaweza kutazamwa kwa njia hizohizo, na kwenye nchi za madini zinavutana vibaya sana. Zambia ilizalisha takriban tani 250,000 za shaba mwaka 2000, baada ya migodi kubinafsishwa. Mwaka 2024 zilizidi tani 820,000. Uzalishaji umekua zaidi ya mara tatu. Mbinu bora inaweza kupunguza moshi kwa kila tani hadi ongezeko hilo limezwe lote. Kwa tope haiwezekani, kwa sababu tope linafuata kiwango cha shaba kilichomo kwenye mwamba. Kiwango kikishuka kutoka asilimia 2 hadi 1, tope kwa kila tani ya shaba linakuwa maradufu hata mtambo uwe mpya kiasi gani.

Kuna kasoro tatu zinazojirudia kwenye tafiti nyingi za mtaji na uchafuzi, mzisome kwa jicho kali.

Ya kwanza, wanapima uchafuzi kwa hewa ya ukaa. Zambia hupata sehemu kubwa mno ya umeme wake kwenye maji, kwa hiyo mgodi wa shaba unaweza kuonekana msafi kabisa kwenye jedwali la ukaa huku ukimwaga salfeti, manganizi na kobalti mtoni. Umepima kisichomdhuru jirani wa mgodi, ukaacha anachokunywa.

Ya pili, wanajumlisha mtaji wote pamoja. Benki, mtandao wa simu na mgodi havichafui sawa. Isitoshe, kununua mgodi uliopo si sawa na kujenga mpya. Anayenunua mgodi wa zamani anarithi tanuru bovu na bwawa la zamani, halafu kitu cha kwanza anachojadili na serikali ni kutobebeshwa madhambi ya mwenye mali aliyetangulia.

Ya tatu, asili ya mtaji kwenye takwimu mara nyingi ni anwani ya posta. Fedha zimepitia Mauritius au Uholanzi, mtafiti anahitimisha kwamba mtaji wa nchi fulani ni safi au mchafu. Hapo hakuna kilichothibitishwa.

#3 Bint_Lualaba

Kaka Tanuru, asante kwa hiyo hesabu ya asidi. Huku Katanga tuko upande wa pili wa biashara hiyo. Mwamba mwingi wa juu wa Kolwezi na Likasi ni wa oksidi, hauchomwi tanuruni. Unasagwa, unalowekwa kwenye asidi, kisha shaba inavutwa kwa umeme. Kwa hiyo moshi unaokamatwa Zambia unakuja kwetu kwa malori ikiwa asidi, na mwisho wa safari unaishia kwenye mabwawa yetu. Uchafu umetoka hewani Copperbelt ukahamia kwenye maji ya Lualaba. Ukipima Zambia peke yake utasema teknolojia imeleta nafuu. Sisi wa huku tunahesabu tofauti.

Novemba 2025 maji ya bwawa la kampuni ya CDM, tanzu ya Huayou Cobalt ya China, yalimwagika hadi mitaa ya Lubumbashi, na serikali ikaisimamisha kazi kwa miezi mitatu. Sheria yetu ya madini iliyorekebishwa 2018 ilipandisha mrabaha wa kobalti hadi asilimia 10 na kulazimisha asilimia 0.3 ya mauzo iende kwa jamii zinazouzunguka mgodi. Mambo mazuri. Lakini asilimia 0.3 ni fedha za shule na zahanati, si za ukuta wa bwawa, na mara nyingi viongozi wetu wanachanganya hayo mawili makusudi. Darasa jipya halimtoi mtu manganizi kwenye kisima.

#4 Mzee_wa_Hoja

Nyote mnawaandama wageni. Na wachimbaji wetu je? Geita, Chunya, Kahama, zebaki inamwagwa kila siku na Watanzania wenyewe, hakuna mwekezaji hapo. Halafu mifano yenu ni ya Wachina tu. Kampuni za Magharibi zina kanuni zao.

#5 Tanuru_na_Tope

Mzee wangu, hoja zako zote mbili zina uzito, nizijibu moja moja.

Zebaki ni kweli. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotolewa na binadamu angani, zaidi ya theluthi moja ya dunia nzima kwa makadirio ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Na hapa kwetu kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha: marudio. Mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki kwenye mialo ya kuoshea dhahabu unanunuliwa na wenye mitambo ya sianidi ili wamalizie dhahabu iliyobaki. Zebaki iliyomo inayeyuka kwenye sianidi, na ikiwa hivyo inasafiri na maji mbali zaidi kuliko ingekaa peke yake. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unataka marudio yenye zebaki yasiingizwe kwenye sianidi kabla zebaki haijatolewa. Mwenye mtambo anaweza kuwa mzawa au mgeni, kosa ni lilelile na sababu ni ileile: dhahabu inauzwa, zebaki iliyobaki kwenye mchanga haina bei.

Kuhusu bendera: Mopani, migodi ya shaba pale Mufulira, Zambia, ilikuwa ya Glencore ya Uswisi tangu ubinafsishaji wa 2000. Mradi wa kukamata gesi ya salfa ulikamilika 2014, ukafikisha zaidi ya asilimia 95. Kazi nzuri, lakini wakazi wa Kankoyo, mtaa ulio jirani na tanuru, walivuta moshi miaka 14 wakiisubiri. KCM, kampuni ya shaba ya Zambia chini ya Vedanta ya London, ilichafua mito ya Mushishima na Kafue mwaka 2006. Mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, wakati Petra ya Uingereza ikiwa na hisa nyingi, bwawa la tope lilibomoka Novemba 7, 2022 na kufunika mashamba. Na Brazili, bwawa la mgodi wa Samarco lililobomoka Novemba 2015 lilikuwa la BHP ya Australia na Vale kwa pamoja. Bwawa jingine hukohuko, la Vale pale Brumadinho, lilibomoka Januari 2019, watu 270 wakafa, na Vale ni kampuni ya Wabrazili wenyewe. Uchafu hauulizi pasipoti.

Tahadhari moja kuhusu matanuru mapya: ukiambiwa "tunakamata asilimia 99", uliza saa za kazi. Mtambo wa asidi ukizimika na tanuru likaendelea, gesi yote inatoka kwenye bomba refu, na asilimia 99 hiyo haihesabu saa zile. Gesi nyingine huvuja kwenye vifuniko vya vyungu vya kugeuzia shaba wakati vinapojazwa, haipiti bombani kabisa. Omba daftari mbili: saa tanuru lilizofanya kazi kwa mwezi, na saa mtambo wa asidi uliofanya kazi. Tofauti kati yake ndiyo moshi wenu.

#6 Mwamba_Mara

Nigusie North Mara, mgodi wa dhahabu wa Tanzania, maana ni mgodi mmoja uliopita mikono mingi na unaonyesha jambo hili waziwazi.

Mwamba wa Nyamongo, ulipo mgodi huo, una pairiti, madini ya chuma na salfa. Pairiti ikikutana na maji na hewa inatoa asidi, na asidi inachomoa aseniki na metali nyingine kutoka kwenye mawe. Haihitaji kiwanda chochote. Rundo la magwangala, yaani mawe taka, linatosha. Kipimo chake ni rahisi na kinapaswa kufanywa kabla jiwe halijachimbwa: kila asilimia 1 ya salfa ya aina hiyo ndani ya mwamba inahitaji kilo 31.25 za chokaa mawe kwa tani ili asidi yake izimwe. Unapima uwezo wa mwamba kuzima asidi, unagawanya kwa uwezo wake wa kuizalisha. Jibu likiwa chini ya 1, jiwe hilo litatoa asidi, muda tu haujafika. Likizidi 2 au 3 unaweza kupumua. Katikati panahitaji vipimo vya muda mrefu vya kulowesha mwamba kila wiki.

Linaloharibika kwenye migodi ni hili: wanapima sampuli chache wakati wa tathmini ya mazingira, kisha malori yanachanganya mawe mabaya na mazuri kwa sababu kuyatenganisha kunapunguza kasi. Mawe mabaya yanajengewa hata barabara na kingo za mabwawa. Tatizo linaonekana miaka mitano au kumi baadaye, mara nyingi mwekezaji wa kwanza ameshauza.

Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja hadi mto Tigithe, unaoingia mto Mara. Mgodi ulisema plastiki ya kuzuia maji iliibwa. Tukubali hivyo: kama ulinzi wa mto mzima unategemea karatasi moja ya plastiki ambayo mtu anaweza kuikata akaondoka nayo, usanifu haukuwa na kinga ya pili. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa bwawa kuvuja, na Julai ikalifunga bwawa lenyewe. Hapo ndipo mambo yalikwenda. Barrick ya Canada ikachukua mgodi kutoka Acacia, kampuni iliyokuwa ikiuendesha, mwezi Septemba, bwawa likaruhusiwa tena, mitambo ya kusafisha maji ikaongezwa na ujazo wa maji bwawani ukashushwa. Kumbukeni Barrick ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi za Acacia muda wote. Mtaji ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba bila bwawa hakuna dhahabu, na siku moja bila dhahabu inauma kuliko faini.

#7 Wakili_Pembeni

Mwamba_Mara amesema neno, na mimi niliweke kisheria. Faini ni bei. Ikiwa ndogo kuliko gharama ya kujenga ukuta, mwanasheria wa kampuni atashauri ilipwe. Kwa hiyo ukipata rasimu ya mkataba wa madini, soma sehemu nne kwanza.

Kifungu cha kuzuia sheria mpya zisimguse mwekezaji. Kwenye kodi kina utetezi wake. Kikigusa mazingira ni sumu. Mikataba ya ubinafsishaji ya Zambia iliwapa wanunuzi miaka mingi ya kuendelea na viwango vya uchafuzi walivyovikuta, na ilibidi sheria ya 2008 iivunje mikataba hiyo. Sentensi moja inatosha: "Kifungu hiki hakihusu afya, usalama wala mazingira."

Dhamana ya ukarabati, yaani fedha za kurekebisha eneo mgodi ukifungwa. Ikokotolewe kwa gharama ya mkandarasi wa nje, si kwa bei ya mgodi kujifanyia mwenyewe kwa mitambo yake, kwa sababu siku ya kuhitajika mgodi utakuwa umefilisika na mitambo imeuzwa. Iwe fedha taslimu au hati ya benki isiyo na masharti. Barua ya kampuni mama haifai. Mama mwenyewe anaweza kuwa sanduku la posta. Ipitiwe upya kila bwawa linapoinuliwa.

Uuzaji wa hisa. Mgodi haubadilishiwi mmiliki hapa Dodoma, unabadilishiwa ng'ambo kwa kuuza kampuni iliyo juu yake. Kifungu kiseme mabadiliko ya udhibiti popote duniani yanahitaji ukaguzi wa mazingira kabla ya idhini, na madeni ya uchafuzi yanamfuata mnunuzi.

Mamlaka ya kesi. Hapa niwape habari njema. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kesi ya Lungowe dhidi ya Vedanta, iliruhusu wanakijiji 1,826 wa Chingola kuishtaki kampuni mama London. Majaji walisema kampuni mama inaweza kuwajibika ikiwa imejitangaza kusimamia mazingira kwenye tanzu zake, na ushahidi ulikuwa ripoti zake yenyewe za uendelevu. Shauri liliisha kwa makubaliano 2021. Kwa hiyo hizo ripoti zenye picha za miche zihifadhini, kila mwaka, nzima, na tarehe. Na Novemba 2025 mahakama ya London iliamua kwamba BHP inawajibika kwa uzembe kwenye maafa ya Samarco.

Wapo wanaoogopa kwamba serikali ikikaza itashtakiwa kwenye usuluhishi wa kimataifa. Inatokea. El Salvador ilishtakiwa 2009 na kampuni ya Pacific Rim kwa kuinyima kibali cha dhahabu, ikashinda 2016 na ikaamriwa ilipwe dola milioni 8. Ilishinda kwa kuwa mwombaji hakuwa ametimiza masharti ya kibali, na serikali ilikuwa na karatasi za kuthibitisha. Karatasi, ndugu zangu.

#8 Kijana_wa_Tigithe

Wakili, Mhandisi Tanuru na wengine, shikamooni. Sisi kijijini hatusomi mikataba, haitufikii. Kuna namna ya kupima maji wenyewe ikakubalika? Mgodi unasema pH ni 7, maji ni salama.

#9 Bint_Lualaba

Marahaba mdogo wangu. pH 7 haithibitishi usalama. Ukimwaga chokaa kwenye maji ya asidi, pH inapanda, shaba na chuma vinashuka chini, lakini manganizi haishuki vizuri mpaka pH ifike kama 9, na salfeti nyingi inabaki. Mnunue kipima uwezo wa maji kupitisha umeme, ni kidogo kama kalamu. Pimeni juu ya mgodi na chini ya mgodi, kila wiki, saa ileile, muandike na mvua iliyonyesha. Namba ya chini ikiwa mara tatu au nne ya ile ya juu kwa mfululizo, kuna kitu kinaingia hata kama pH ni nzuri.

#10 Tanuru_na_Tope

Naongezea hapo, kwa sampuli za maabara.

Vituo vitatu angalau: juu ya mgodi, sehemu maji ya mgodi yanapoingilia, na chini baada ya maji kuchanganyika kabisa. Kila kituo chupa mbili za plastiki safi. Ya kwanza ya metali: chuja kwa kichujio cha mikroni 0.45, tia asidi nitriki safi ya maabara mpaka pH ishuke chini ya 2. Usipotia, metali zinagandamana na ukuta wa chupa na maabara itakupa majibu mazuri yasiyo ya kweli. Ya pili, ya salfeti na pH, usitie kitu, iweke kwenye barafu. Ongeza chupa moja ya maji safi ya maabara uliyoifungua na kuijaza palepale mtoni, na sampuli moja iliyorudiwa. Wakili wa mgodi atakuuliza hizo kwanza kabisa.

Kwa migodi ya dhahabu, chupa ya sianidi ni ya tatu na HAITIWI asidi kamwe. Inatiwa magadi makali, sodiamu haidroksaidi, mpaka pH ipite 12. Ukiichanganya na asidi inatoka gesi inayoua.

Kila chupa iwe na lebo, saa, vipimo vya GPS, na fomu inayosainiwa na kila aliyeishika mpaka maabara. Mwombeni afisa wa bonde la maji awepo. Asipokuja, andikeni kwamba alialikwa kwa barua ya tarehe fulani. Linganisheni na viwango vya Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa: aseniki miligramu 0.01 kwa lita, risasi 0.01, shaba 2.

Msisahau tope la chini ya mto. Chokaa ya Kafue iliinua pH, lakini metali zilizoshuka ziko pale chini, na mvua kubwa zinaweza kuzifukua tena. Chukueni tope kabla ya masika na baada yake, lile laini linalopita kwenye chekecheo la mikroni 63.

#11 Mzee_wa_Hoja

Nimewasoma. Swali la mwisho kwa Mhandisi: ni nini mwanakijiji anaweza kukiona kwa macho kwenye bwawa kabla halijabomoka?

#12 Tanuru_na_Tope

Mzee wangu, vipo kadhaa. Maji yameegemea ukuta badala ya kukaa mbali nao, katikati au upande wa mlima. Pembeni ya ukuta panatakiwa pawe ufukwe mpana wa tope kavu. Sehemu yenye majani mabichi chini ya ukuta wakati wa kiangazi, maana yake maji yanapita ndani. Maji yanayochuruzika yakibadilika kutoka meupe kuwa ya udongo, hiyo ni dharura, yanaondoka na ukuta. Ufa unaofuata urefu wa ukuta juu yake.

Na hesabu ya mvua, mnaweza kuifanya wenyewe. Hekta moja ikipokea milimita 100 inakusanya meta za ujazo 1,000. Bwawa la hekta 50 kwa mvua hiyo linaongezewa meta za ujazo 50,000, sawasawa na zile lita milioni 50 za Chambishi zilizotajwa mwanzo. Copperbelt hupata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Machi. Kwa hiyo mwezi wa kumi, kabla ya mvua, mwandikieni mgodi na nakala NEMC muulize mambo matatu: nafasi tupu iliyobaki kati ya maji na kichwa cha ukuta ni meta ngapi, pampu zinaweza kutoa meta za ujazo ngapi kwa siku, na umeme ukikatika kuna jenereta au hakuna. Migodi iliyojifunga kwa kiwango cha kimataifa cha mabwawa ya tope cha Agosti 2020 inapaswa kutangaza taarifa za mabwawa yake, kwa hiyo wasiwaambie ni siri.